Mguu wa Mjomba Haroun

Kitui,
12 Februari 2023

Kwa Mjomba wangu Haroun,

Assalaam aleikum. Sisi hapa nyumbani tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana. Goti lake limepata nafuu na amerudi kuuza mahamri asubuhi karibu na msikiti, ingawa sote tulimwomba apumzike. Unamjua dada yako. Ukimwambia apumzike anaona umemtukana. Mdogo wangu ametulia kwa mumewe kule Mwingi. Msalimie Anti Mbithe na watoto wote.

Najua utashangaa kupata barua enzi hizi za simu. Nimekupigia nikachoka. Unasema, "Niko sawa, mama, network ni mbaya," kisha unakata. Ndiyo nikaona nikuandikie, kwa sababu barua utaisoma mpaka mwisho. Nampa Rashid, anakuja huko Mbumbuni kununua ndengu.

Kwenye harusi yake hatukukuona, Mjomba. Mama alikuwekea kiti akakataza mtu yeyote asikikalie, mpaka wageni wakaanza kuondoka. Wewe ndiye kaka pekee aliye naye.

Mimi nimepata kazi mpya. Hapa Kitui kumefunguliwa kitengo cha utafiti wa magonjwa ya ngozi. Daktari Mulinge anaona wagonjwa upande mmoja wa jengo, na sampuli zao zinaletwa kwetu maabara upande wa pili. Tunatafuta hasa ugonjwa mmoja wa miguu ambao watu wa Kitui na Makueni huuficha. Mguu unavimba polepole bila maumivu makali, unatoboka vishimo, na vishimo vinatoa usaha wenye punje ndogo kama za mchanga. Ukimjua mtu wa namna hiyo, tafadhali mwambie aje.

Mpwa wako,
Fahima


Mbumbuni,
6 Machi 2023

Fahima, mama yangu,

Waaleikum salaam. Wĩ mũseo, u mzima? Barua yako nimeipata, imekunjika kidogo lakini imefika. Sisi hatujambo. Mbithe ana kuku wengi siku hizi na anagombana na mwewe kila asubuhi. Watoto wako shule. Mvua haijaanza lakini mawingu yanakuja upande wa Mbooni, kwa hiyo tunakimbizana nayo. Ule ukuta wa bwawa la mchanga tuliouanza mwaka jana umefika kifuani. Mto ukija utashika mchanga, na mchanga utashika maji, na hawa watu wa huku chini hawatafuata tena punda mpaka mbali kutafuta maji.

Siku hizi mimi nafanya kazi nikiwa nimekaa. Wameniwekea kiti ukingoni, naelekeza vijana mahali pa kuweka jiwe. Fundi mkuu ni kuelekeza, au sivyo?

Mwambie dada yangu anisamehe kwa harusi. Kazi ilibana.

Nimefurahi sana kuhusu kazi yako. Mama yetu, ambaye umebeba jina lake, hakusoma hata darasa moja. Leo Fahima mwingine anaangalia wadudu wasioonekana kwa macho.

Ni mimi,
Mjomba wako Haroun

Hao watu wa mguu uliovimba, wakija kwenu, huwa wanarudi nyumbani nao? Kuna mtu anauliza.


Kitui,
15 Machi 2023

Mjomba,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama amepokea samahani yako, akasema "haya", na unajua "haya" ya Mama ina maana gani.

Nisamehe kwa nitakachouliza, maana wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukuhoji. Huyo mtu anayeuliza, amekaa kwenye kiti ukingoni mwa mto?

Ni mguu upi, Mjomba?

Ugonjwa huu una namna mbili. Mmoja unaletwa na bakteria, mwingine unaletwa na fangasi. Kwa nje yote yanafanana, hata daktari mzuri anaweza kuchanganyikiwa. Lakini dawa ni tofauti kabisa, na dawa ya mmoja haiusaidii mwingine hata kidogo. Ule wa fangasi ni mgumu sana. Ule wa bakteria tunauponya. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, wengine wanarudi nyumbani na miguu yao.

Niandikie ukweli. Rashid anarudi huko mwisho wa mwezi.

Fahima


Mbumbuni,
10 Aprili 2023

Mama yangu Fahima,

Salaam. Tunafunga na tunaendelea. Mvua imeanza vizuri na mahindi yametoka ardhini. Barua yako ilikaa kwa Rashid wiki mbili kwa sababu gari lake liliharibika njiani, huko Kwa Vonza. Nami nikaongeza siku zangu kabla ya kushika kalamu.

Ni wa kulia.

Ni miaka mitano sasa. Tulikuwa tunachimba msingi wa bwawa lingine, nikakanyaga mwiba wa mgunga ndani ya mchanga mbichi. Nikautoa kwa koleo nikaendelea na kazi. Baada ya miezi kadhaa pakatokea kinundu kama njugu. Hakikuuma. Kingeuma ningekwenda hospitali siku hiyo hiyo, lakini hakikuuma, kwa hiyo nikakiacha. Kikaja kingine, na kingine, mguu ukanenepa, vikaanza kupasuka. Ukaanza kunuka, mama.

Nikavaa gambuti wakati wote. Msikitini nimeacha kwenda, maana huko lazima nivue, nioshe miguu mbele ya watu. Imamu alinitembelea nikamwambia kazi ni nyingi. Hata harusini ningevua wapi? Hapa sokoni wanasema mto umenilipiza kwa kuufunga. Wengine wamekataa hata kuchota maji kwenye lile bwawa la zamani.

Hospitali nilikokwenda walichukua usaha, wakasema ni fangasi. Nimemeza vidonge mwaka mzima na zaidi, na mguu unaendelea tu. Mwezi wa pili daktari wa upasuaji aliniambia kwa upole, "Mzee, imefika kwenye mfupa. Tukichelewa tutakata juu ya goti." Nikamuuliza, "Nikikatwa, nitaweza kuingia mtoni?" Akasema, "Utaishi."

Nimekubali. Ni mwanzo wa mwezi wa sita. Mbithe analia akidhani sijui.

Usimwambie mama yako. Hilo nakuomba kama mjomba wako.

Haroun


Kitui,
25 Aprili 2023

Mjomba wangu mpenzi,

Idd Mubarak. Mama alipika pilau ya kulisha mtaa na akakutumia baraka zake bila kujua lolote. Nimelishika neno lako, ingawa kukaa naye meza moja na kunyamaza ni kazi nzito.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Nimesoma mara ya pili nikiwa nimekaa, na hapo kuna kitu nimekiona. Unasema walichukua usaha. Juu ya kidonda huwa kuna kila kitu, vumbi, mchanga, fangasi za hewani. Ukizipeleka maabara, zitaota hizo, na ripoti itasema fangasi. Aliyeandika ripoti hakudanganya, ameandika alichokiona. Lakini aliyemo ndani huenda ni mwingine. Na umemeza dawa ya fangasi mwaka mzima bila nafuu. Hilo halinipi usingizi.

Nakuomba uje Kitui kabla ya tarehe yao. Daktari Mulinge atachukua kipande kidogo cha nyama kutoka ndani kabisa, mahali vumbi halijafika. Anti Mbithe aje nawe. Nimezungumza na Rashid, atawaleta kwenye kiti cha mbele na hatawauliza kitu.

Jambo moja ulijue mapema usije ukaniona mbaya. Sitaigusa sampuli yako. Wewe ni mjomba wangu, na macho yangu yatataka kuona kinachonifurahisha. Itapewa namba, na mwenzangu Ben ndiye atakayeisoma. Hata majibu siruhusiwi kukupa mimi. Ni ya daktari kukuambia.

Siahidi kitu, Mjomba. Naomba uje tu.

Fahima


Mbumbuni,
22 Mei 2023

Fahima,

Tumefika nyumbani salama. Mbithe anasema asante kwa ile chai uliyotuagizia, na anasema Kitui pana joto kuliko anavyokumbuka.

Nitakuambia ukweli. Ulipopita kwenye ile korido ukaniamkia ukaenda zako, moyo uliniuma, ingawa ulikuwa umeniandikia. Mbithe ndiye aliyesema, "Muache. Hujaona macho yake?"

Daktari Mulinge ni mtu wa maneno machache. Nilipovua gambuti nilitazama ukutani, nikingojea azibe pua. Hakuziba. Alikaa chini kwenye kigoda, akaushika mguu kwa mikono miwili akaugeuza taratibu kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Umeutunza vizuri," akasema. "Unauosha kila siku."

Mama, hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa mguu huu.

Akanidunga ganzi, akachukua nyama mahali pa ndani, akachukua na pengine tena. Akanisomea karatasi ya utafiti kwa Kiswahili, nikaelewa, nikakubali. Nikamuuliza majibu ni lini. Akasema wadudu wengine huota upesi na wengine huota kwa kujivuta, na hatawaharakisha.

Lakini hospitali ya upasuaji hainisubiri. Wamepiga simu kunikumbusha nisile asubuhi ya siku hiyo. Umesikia chochote?

Haroun


Kitui,
30 Mei 2023

Mjomba,

Salamu kwa wote. Sisi tuko.

Daktari Mulinge ameiandikia hospitali yako kuomba upasuaji uahirishwe. Naomba ukubali. Mambo hapa hayajakaa sawa na siwezi kusema zaidi. Tafadhali usinipigie simu.

Fahima


Mbumbuni,
14 Juni 2023

Kwa Fahima,

Salaam. Sisi tupo. Mahindi yamekomaa, ndengu zinachumwa.

Barua yako ya mistari mitatu nimeipata. Nimeisoma nikatafuta mingine nyuma ya karatasi. Mambo gani hayajakaa sawa? Mimi nilikuwa nimeshakubaliana na moyo wangu. Nilikuwa nimeshamwonyesha kijana wangu jinsi ya kupima ukuta. Nilishauaga mguu huu, mama, halafu unaniambia subiri na husemi nasubiri nini. Kama ni saratani, sema. Kama ni kufa, pia sema. Mimi si mtoto.

Nilitaka kwenda nikatwe tu. Mbithe akasimama mlangoni. "Fahima amewahi kukudanganya?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Basi hakuna mtu anayetoka hapa." Nikavua koti.

Na si hayo tu. Juzi nimekaa nje namwona mama yako anashuka kwenye gari la Rashid na kikapu cha mahamri. Sijui nani alimwambia. Hakunisalimu. Alinikokotea kiti akasema, "Vua."

Nikavua.

Aliuangalia muda mrefu. Kisha akaniambia, "Wewe Haroun, mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Nilikushika mikono hii miwili uwanjani kwa mama. Na leo unanificha mimi mguu?" Akanipiga kofi la bega, akalia, akamwomba Mbithe maji ya moto, akaniosha mguu mwenyewe mpaka kwenye vidole. Alikaa siku nne. Nyumba nzima imenona kwa mahamri.

Tarehe yao imepita. Bado nina miguu miwili, na sijui ninangojea nini.

Haroun


Kitui,
8 Julai 2023

Mjomba wangu, Mjomba wangu,

Assalaam aleikum! Mama anaimba jikoni, majirani wamekuja kuuliza kuna nini. Hakuna habari nyingine za nyumbani leo. Daktari Mulinge ameniambia kwamba jana alikupigia na kwamba ulimwomba arudie maneno yale mara tatu. Sasa kwa kuwa umeshasikia kwake, naweza kufungua kinywa.

Kwanza, Mama sikumwambia mimi. Alimuuliza Rashid kwa nini kiti chake cha mbele kina harufu ya dawa ya hospitali, na Rashid hawezi kumficha Mama kitu.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Nyama yako iligawanywa ikaoteshwa kwenye sahani kadhaa za maabara. Wiki ile sampuli ya mguu ilikuwa moja tu, kwa hiyo namba haikunificha chochote. Siku chache baadaye sahani moja iliota, na ilichoota ni fangasi. Ben alisema tu, kama anavyosema kila siku, "Ile ya mguu imeota fangasi." Hakujua kuwa mguu ni wa mjomba wangu. Nilikwenda chooni nikafunga mlango. Ile barua ya mistari mitatu niliiandika jioni ya siku hiyo. Ningeandika wa nne ningekuambia kila kitu, na sikuwa na haki, na hata mimi sikujua kama ni kweli.

Kilichoniokoa ni Ben mwenyewe. Mchana huohuo aliitazama ile sahani akasema haipendi. Fangasi ilikuwa imeota pembeni, si mahali alipoiweka nyama. Akasema huenda imeingia na hewa alipofungua kifuniko. Akaenda kwa Daktari Mulinge, na hapo daktari akaiandikia hospitali yako. Wakasubiri sahani zilizobaki. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu. Kila asubuhi nilikuwa nafika, naosha vyombo vya kazi yangu, bila kutazama lile kabati la joto la kuoteshea.

Wakati huo huo walikata vipande vingine vyembamba vya nyama kutafuta punje zenyewe. Vya kwanza havikuwa nazo. Walikata tena, wakatia rangi, na Ijumaa moja Ben akawa kwenye hadubini muda mrefu. Mimi niko kwenye benchi la korido nakula chungwa. Mlango ukafunguka, Ben akatoka na glavu mkononi akapaza sauti kwa jengo zima, "Ni bakteria! Njooni muone! Punje ni nyeupe, na nyuzi zake ni nyembamba kama hakuna!"

Daktari Mulinge akatoka chumba chake mbio, na huyo si mtu wa kukimbia. Akaangalia. Akaniita. "Sasa unaweza kuangalia," akasema. "Imeshaandikwa, huwezi kuibadilisha."

Nikainama kwenye hadubini. Mjomba, nilimwona aliyekutesa miaka mitano. Punje moja nyeupe, na pembeni yake nyuzi za zambarau, nyembamba mno, zimesukana. Nyuzi za fangasi ni nene, hata mwanafunzi anazitambua. Hizi hazikuwa hizo. Siku chache baadaye sahani zilizobaki zikaota kitu kilekile, vipele vidogo vikavu, na Nairobi walipopima vinasaba wakapata jibu hilohilo.

Ben alipojua mguu ni wa nani, alikaa chini kwenye sakafu. Akasema, "Ungeniambia, ningeogopa kusoma." Nikamwambia ndiyo sababu sikumwambia.

Dawa zako zipo, si za ajabu, na zinafanya kazi. Sindano kwa awamu, na vidonge kwa miezi mingi. Sindano hizo zinaweza kuumiza masikio na figo, kwa hiyo utapimwa mara kwa mara. Usikose hata mara moja. Ukisikia mlio masikioni, sema hapohapo. Usifanye ubishi wa kiume.

Mguu ni wako, Mjomba.

Fahima


Mbumbuni,
18 Desemba 2023

Fahima, mama, mwanga wa nyumba yetu,

Salaam na furaha. Nisamehe kwa kukawia. Barabara ilikatika mara mbili kwa mvua hii na Rashid alilala Malili siku mbili na magunia yake. Mbithe mzima. Kuku wake wengine walichukuliwa na maji lakini jogoo alipatikana juu ya paa la jirani.

Sindano zimekwisha. Nilichoka nazo, sitakudanganya. Wale wa masikio walinivalisha vitu vya kusikilizia na kunipigia vimilio mpaka nikaanza kuvisikia hata nikiwa shambani. Lakini kila nikipimwa wanasema masikio ni mazima na figo ni nzima.

Vishimo vilifunga kimoja kimoja. Mbithe ndiye alikuwa anavihesabu, na kila kikifunga anapiga kigelegele, mpaka jirani akadhani binti yetu anaolewa. Uvimbe umeshuka. Mguu wa gambuti sasa unaingia kwenye kiatu cha kawaida, ingawa kwa upande huu bado ni mpana. Harufu imekwisha kabisa. Mwezi wa kumi nilikwenda msikitini siku ya Ijumaa. Nikavua viatu mlangoni, nikakaa kwenye bomba na wenzangu, nikaosha mguu wa kulia. Hakuna aliyesogea mbali. Imamu alinipa nafasi karibu naye.

Mvua ilipozidi Novemba, mto ulikuja kwa kishindo ambacho sijawahi kusikia. Watu walisimama ukingoni wakingojea kuona ukuta wangu ukienda. Mto ukapanda juu ya ukuta, ukatoa povu, ukaangusha magogo. Ulipopungua, ukuta ulikuwa pale pale, na nyuma yake mchanga umejaa mpaka juu. Nikaingia ndani kwa miguu yangu, nikachimba kidogo kwa mkono, maji yakatoka. Walioogopa bwawa la zamani sasa wanachota kote kuwili.

Lakini nina neno. Tangu nianze kupona, watu wananijia jioni mmoja mmoja. Wanasema, "Haroun, kuna mtu anauliza." Nami nacheka, maana namjua huyo mtu. Wako wengi kuliko ninyi mnavyodhani. Hawatakuja Kitui. Wanaona aibu kupanda gari. Je, ninyi hamwezi kuja?

Mjomba wako,
Haroun


Kitui,
20 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba,

Salaam baada ya Idd. Mama na goti lake wamepatana. Mdogo wangu anatarajia mtoto, na Mama ameshaanza kupanga jina bila kumshauri mtu.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano mkubwa hapa, madaktari wa Kitui na wa Makueni pamoja. Nilisimama mbele yao nikaeleza matokeo ya mwaka wetu wa kwanza. Picha mbili za kwanza ukutani nilizieleza mbio mno, kwenye ya tatu nikapunguza. Zaidi ya nusu ya wagonjwa tuliowapima ni wa bakteria, na kadhaa kati yao walikuwa wameandikiwa dawa za fangasi. Wengine kweli ni wa fangasi. Kuna Musembi, mchunga ng'ombe wa karibu na Kwa Vonza, punje zake ni nyeusi, na yeye atapasuliwa. Lakini kwa kuwa tunajua ni nini na kimefika wapi, atatolewa uvimbe na kubaki na mguu. Aliposikia alimkumbatia Ben.

Nilipomaliza, daktari mmoja wa nyuma alisimama. Nikaogopa, nikadhani ana swali gumu. Akajitaja. Ni yule wa hospitali yako, Mjomba. Akasema mbele ya wote, "Mgonjwa wa kwenye picha ya nne alikuwa kwenye ratiba yangu. Katika kazi yangu nimefanya upasuaji mwingi ninaojivunia. Leo najivunia ambao sikuufanya." Akaketi. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikashindwa kuona karatasi zangu kwa machozi.

Wamekubaliana wote wa kaunti mbili. Kuanzia sasa hakuna mguu wa ugonjwa huu utakaokatwa kabla ya nyama ya ndani kuchukuliwa na kusomwa.

Na ombi lako limekubaliwa. Daktari Mulinge na wauguzi watakuja Mbumbuni siku ya soko, mwezi ujao. Mimi na Ben lazima tubaki maabara kupokea sampuli zikiwa bado mbichi. Kwa hiyo huko utakuwa wewe. Walete watu, Mjomba.

Fahima


Mbumbuni,
23 Mei 2024

Mama yangu Fahima,

Salaam. Naandika upesi nikiwa nimeegemea boneti ya gari, kwa hiyo usicheke mwandiko. Wote wazima.

Asubuhi nilipata aibu. Hema limesimama, daktari amevaa koti lake, meza zimepangwa, na hakuna mtu. Soko limejaa, watu wanauza nyanya na mbuzi, na kila mmoja anatazama hema kwa pembe ya jicho. Naibu wa chifu akatangaza kwa kipaza sauti, "Wenye magonjwa ya ngozi waende kwenye hema." Nani atakwenda baada ya kuitwa hivyo?

Nikaona hapana. Nikaburuta benchi mpaka katikati ya soko, mahali wanapouza viazi. Nikavua viatu, nikavua soksi, nikapanda juu ya benchi nikasimama kwa mguu wa kulia peke yake. Nikasema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtoni:

"Mnanijua mimi ni fundi Haroun. Mlisema mto ulinila mguu. Njooni muutazame! Ulikuwa unanuka. Nilikuwa naenda kukatwa. Hakuna mto wala mchawi, ni mdudu tu, na mdudu amekufa!"

Wakaja. Wengine walishika kabisa, wakabonyeza makovu. Mzee mmoja akaniuliza kama ni mguu uleule. Mbithe akamjibu, "Unadhani alipewa mwingine?" Watu wakacheka, na kicheko kile kikawalegeza.

Lakini bado hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ndipo Ndeti akasimama. Unamkumbuka, yule mama mfinyanzi wa vyungu, anayevaa leso ndefu mpaka chini. Ameuza vyungu pale miaka yote na hakuna aliyejua. Alinyanyua leso mbele ya soko zima. Mguu wake, mama, ulikuwa mbaya kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Akasema, "Haya, mmeona na wangu." Akaenda hemani akiinua kichwa kama bibi harusi.

Nyuma yake akafuata mwingine. Kisha baba na binti yake. Kisha kijana wa bodaboda niliyekuwa nampa mkono kila siku bila kujua. Ikafika saa sita mstari umepita posho mill, pale wanaposaga unga, umezunguka nyuma ya kanisa, na watu wamevua viatu wameshika mkononi, wanaonyeshana miguu na kuulizana, wako ulianza lini, wako unatoa punje za rangi gani. Watu waliojificha miaka! Wengine wana vidonda vya namna tofauti kabisa, na daktari anawaona pia. Wanawake wa kanisa walileta meza, msikiti ukaleta mikeka na maji. Daktari Mulinge alikunja mikono ya koti na sikumwona akinywa hata chai.

Barua hii nampa dereva wenu. Anaondoka sasa hivi, na inakuja pamoja na sanduku la barafu lenye sampuli zote. Ya Ndeti ni ya kwanza. Mwambie Ben asome taratibu.

Na msilale. Daktari amebaki hapa, amekataa kuondoka. Amesema dereva akishusha hizo ageuze gari, aje na chupa zaidi, maana mlizompa zimekwisha na mstari bado unaongezeka.

Haroun